Dalili Mojawapo ni Hofu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili nisije nikadhaniwa shujaa kwa sababu tu nilisomea nyuki. Naogopa ngazi zisizo na vishikio, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, naogopa simu inayolia kabla hakujapambazuka. Nyumbani kwetu mtaa wa Mountain View, mende akitokea jikoni mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupanda juu ya kiti, na mama yangu, ambaye hapandi kiti kwa ajili ya mtu wala mdudu, alivua kandambili na kunimalizia shida. Siku niliyomwambia kwamba nimepata nafasi ya kusomea uzamili katika sayansi ya wadudu, alinitazama kitambo, kisha akacheka mpaka akaketi.

"Wewe, binti yangu? Wadudu?" aliuliza. "Na wakitoka ndani ya kitabu?"

Lakini nyuki nilikuwa nimewapenda tangu shahada ya kwanza, na kupenda na kuogopa ni vitu vinavyoweza kukaa nyumba moja. Shangazi zangu huko magharibi walipopata habari walinitumia ujumbe uleule mmoja baada ya mwingine: fuata nyuki ule asali. Hakuna aliyeniambia kinachompata mtu anayewafuata kwa karibu mno.

Profesa aliyenisimamia alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Katika maabara yake kulikuwa na desturi ambayo wanafunzi waliiita ubatizo. Mwanafunzi mpya alisimama mbele ya wenzake, akakunja mkono wa shati, naye Prof akamshika nyuki mmoja kwa kibano na kumweka juu ya ngozi. Nyuki akachoma. Ulitakiwa kutulia, kuukwangua mwiba kwa ukucha bila kuubana, maana ukiubana unajikamulia sumu yote mwenyewe, kisha ukae nusu saa ukitazamwa. Ukimaliza ulipigiwa makofi na kupewa soda. Haikuwa mchezo. Prof alitaka kusoma ngozi yako.

"Nyuki hana ubaya na mtu," aliniambia siku ile, kibano kikiwa hewani. "Lakini kuna mwili wenye haumtaki. Wako ukimkataa, leo ama mwaka ujao, unaniambia siku hiyo hiyo. Nitakubadilishia kazi. Hakuna aibu, lakini pia hakuna kujadiliana."

Nilibatizwa nikiwa nimefumba macho. Palitokea kivimbe kidogo kama punje ya maharagwe, kikaisha jioni ileile. Makofi yale niliyabeba hadi nyumbani. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi kwa sababu ya ujasiri, na kusema kweli yalinilevya.

Kazi yangu ilikuwa rahisi kueleza. Nilitaka kujua nyuki wa mjini wanakula maua gani. Nilikuwa na mizinga miwili juu ya paa la jengo la ghorofa tano kule Kileleshwa, ambalo mwenyewe alipenda asali na alipenda zaidi kuwaambia wageni kwamba ana nyuki. Mlangoni mwa kila mzinga niliweka mtego, yaani ubao wenye matundu madogo ambayo nyuki akijipenyeza huangusha vidonge vya chavua alivyobeba miguuni. Vidonge huangukia kwenye trei. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, nilipanda na kopo la moshi wa kuwatuliza nyuki, nikakusanya chavua ile kwenye vichupa na kuipeleka chuoni nikaitazame kwa darubini. Nilipaswa kufanya hivyo mwaka mzima bila kuruka wiki. Prof alikuwa ametuonya kwamba mwaka wenye mapengo haumpiti mtahini yeyote.

Mwezi wa tano nyuki alinichoma kidoleni kupitia glavu iliyochakaa, na mkono ukavimba hadi kiwiko. Nilijiambia ni kawaida. Nilivaa mikono mirefu wiki nzima, na mama aliponiuliza nilimwambia kule chuoni kuna baridi. Mwezi wa saba alinichoma mwingine nyuma ya sikio. Nilipokuwa nikishuka viganja vilianza kuniwasha, nikafunua shati na kukuta vipele vimetapakaa tumboni, midomo ikawa mizito kana kwamba si yangu. Niliketi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu nikishika ukuta. Msichana wa kazi aliyekuwa amebeba ndoo alinipita, akanisalimia, nami nikashindwa kumjibu. Ilichukua karibu saa nzima kuisha. Jumatatu nilikwenda kliniki moja Hurlingham, kando ya barabara ya Argwings Kodhek, mahali ambapo nilikuwa na hakika sitakutana na mtu wa chuo.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini.

"Mwili wako umekuwa ukijifunza," alisema. "Kila nyuki aliyekuuma alikuwa mwalimu. Sasa umejifunza vibaya. Wa kesho anaweza kuja kukuziba koo."

Kisha akanihesabia dalili kwa vidole. Kuwashwa viganja. Vipele. Sauti kukwaruza. Kifua kubana. Kizunguzungu. Alipomaliza mkono mmoja alinyoosha kidole cha mkono wa pili.

"Na hofu. Watu wengi husema walihisi wanakufa kabla hawajaona kitu kingine. Hofu kama hiyo ikija ghafla, usiipuuze. Nayo ni dalili."

Nilimwuliza mtu anayeogopa kila siku atajuaje ni ipi. Alidhani natania, akatabasamu.

"Huko nyumbani kuna mzinga?" aliuliza.

"Wa jirani," nikamdanganya.

"Mwambieni auondoe."

Nikasema tutamwambia. Aliniandikia dawa, kichupa kidogo cha kioo chenye adrenalini, na sindano ya kuivutia, iwapo nyuki atanipata barabarani au popote. Nesi akanifundisha kwa kutumia chungwa. Unavunja shingo ya kichupa, unavuta dawa hadi kwenye alama, unadunga pajani juu ya nguo, hungoji kuvua. Nilidunga chungwa lile mara sita. Nilipokuwa nikiondoka daktari aliniita tena mlangoni.

"Hiyo dawa ikiwa ndani ya mkoba na wewe umeanguka, haina kazi. Lazima kuwe na mtu mwingine anajua."

Ningemwambia Prof siku hiyohiyo, kama alivyotaka. Lakini ilikuwa imebaki miezi mitano tu. Kubadilishiwa kazi kulikuwa na maana ya kuanza sifuri, na ufadhili wangu ulikuwa na mwisho wake ambao hauvutwi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili naisema sasa kwa kuwa nimezeeka kidogo: nilikuwa nimepigiwa makofi, na sikutaka kuyarudisha. Nyanya yangu alizoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu nikiwa mtoto, na siku zote niliona inawahusu watu wengine.

Basi nikaanza kutafuta huyo mtu mwingine. Wanafunzi wenzangu wangemfikishia Prof habari kabla ya chakula cha mchana, na wangefanya vyema. Mama angekuja Kileleshwa mwenyewe na kuiteremsha mizinga kichwani. Akabaki bawabu wa usiku wa jengo lile, mzee wa kutoka pande zetu za magharibi aliyekaa Kangemi, ambaye aliniita daktari wa nyuki tangu siku ya kwanza aliponifungulia lango. Asubuhi moja alikuwa amenisimulia habari ya ng'ombe wake kijijini. Daktari wa mifugo wa huko, alisema, huja ng'ombe akishakuwa nyama, kwa hivyo yeye mzee alijifunza kumdunga sindano mwenyewe. Tangu asubuhi hiyo kila nilipomwona nilitazama mikono yake.

Nilimwendea na chungwa.

"Mzee, uko na dakika?"

"Ya daktari haikosi."

Nilimweleza yote pale kwenye kibanda cha lango, mengi kuliko niliyokuwa nimemweleza mtu yeyote. Alinisikiliza akilitazama chungwa, si mimi.

"Na huyo profesa wako anajua?"

"Bado."

"Na mama?"

"Bado."

"Kwa hivyo ni mimi, na wewe, na chungwa."

"Ni hivyo, Mzee."

"Ng'ombe nimedunga sana," alisema. "Mtu sijawahi."

"Mtu ni rahisi. Mimi sitakupiga teke."

Hakucheka. Alilichukua chungwa, akalipima kwa kiganja, akavuta maji kwenye sindano ya mazoezi na kulidunga vizuri kabisa, kwa mkono usiotetemeka. Kisha akauliza, "Na nikikosea?"

"Huwezi kukosea," nilimwambia. Nililitamka hivihivi tu, kama mtu anavyosema karibu chai. Akatia dawa yangu na sindano kwenye mfuko wa kifuani wa koti lake zito la zamu, akalifunga kifungo.

Zamu yake iliisha saa kumi na mbili asubuhi, mwenzake wa mchana akafika. Tangu wiki hiyo alikuwa haendi nyumbani moja kwa moja Jumamosi. Alipanda nami hadi juu, akaketi ndani ya mlango wa paa, nyuma ya tangi la maji, akaningojea nusu saa ya usingizi wake. Hatukusemezana sana. Mimi nilivaa ovaroli yangu nyeupe na kofia ya wavu, nikakagua zipu mara tatu, nikajishika mshipa wa mkono kupima mapigo, nikakagua zipu tena. Ijumaa jioni nilirudisha sahani ikiwa bado na chakula. Mama alisema nakonda kwa kusoma.

Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wana maana kwamba mwoga hukaa mbali na hatari, akarudi kwao mzima na kucheka. Mimi nilikuwa aina ambayo methali haikuifikiria. Nilitetemeka kila wiki na kila wiki nikaenda palepale. Hofu nilikuwa nayo tele; ile busara ambayo hofu huja nayo ndiyo niliyoikosa.

Kuna Jumamosi moja moyo ulinienda mbio nikiwa nimepiga magoti, nikaona kifua kinabana, nikaita, "Mzee!" Akatoka mbio, kichupa mkononi. Nilijitazama. Hakuna nyuki aliyenigusa. Akasimama mbele yangu akihema.

"Hii ni ile ya ugonjwa, ama ni ile yako ya kawaida?"

Nilisikiliza ndani yangu. "Ya kawaida."

"Basi maliza twende."

Ikawa neno letu. Nikichelewa kuinuka, alikuwa akiuliza kutoka mlangoni, "Ya kawaida?" nami nikamjibu ya kawaida, Mzee, na kwa namna fulani kule kuitaja kulinipa nguvu ya kuinua trei nyingine. Miezi mitatu ilipita hivyo. Vichupa vya chavua vilijaa rafu moja chuoni, vya manjano, vya rangi ya udongo, vingine karibu vyeusi, na Prof akaniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu ndiyo isiyo na pengo.

Jumamosi ninayotaka kuieleza ilifuata siku tatu za mvua. Nilifika nikiwa nimelowa magoti kwa maji yaliyorushwa na pikipiki. Mzee alikuwa ananingoja langoni na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na ndizi za sukari, zile fupi, zimeiva hadi zina madoa.

"Zimetoka nyumbani jana," alisema. "Mama watoto amesema daktari asipande huko juu na tumbo baridi. Kula."

Mwanafunzi yeyote wa nyuki hujua jambo hili mwezi wa kwanza. Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo kwa pua ya binadamu ni kama ya ndizi mbivu. Siku ya mzinga hatuli ndizi. Kwenye maabara ya Prof hazikuingia hata wakati wa chai. Nilijua vizuri sana. Lakini nimelelewa katika nyumba ambamo chakula cha mzee hakikataliwi, sembuse kilichotumwa na mke wake, sembuse mzee mwenyewe akiwa anakupa usingizi wake. Ningeweza kusema, "Mzee, nitakula nikishuka." Maneno matatu. Sikuyasema kwa sababu niliona yatafanana na kudharau. Nilikula mbili, amesimama akinitazama kwa furaha. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikajiambia kwamba dakika kumi na glavu zinatosha.

Siwezi kuapa kwamba ni ndizi. Nyuki waliofungiwa na mvua siku tatu huwa na hasira zao. Ninachojua ni kwamba nilipopiga magoti mbele ya mzinga wa kwanza hawakuja mikononi kama kawaida. Walikuja usoni, wakajazana kwenye wavu mbele ya mdomo wangu. Na sauti yao ilibadilika, ikawa nyembamba. Hapo nilipaswa kuinuka na kuondoka polepole. Nikajiambia, trei hii moja tu, nisiache pengo.

Nilimhisi akitembea shingoni, ndani, mahali zipu inapokutana na kola. Nilitulia kabisa. Alitembea hadi chini ya taya, akasimama, akanichoma.

Nilipenyeza kidole cha glavu chini ya wavu, nikaukwangua mwiba. Viganja vikaanza kuwaka. Halafu ikaja. Hofu yangu ya kawaida ina maneno mengi. Huniuliza je hiki, je kile, hunisumbua kama mtoto aliyenyimwa kitu. Hii haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa kama nyumba nzima kuzimiwa taa kutoka nje. Nilijua papo hapo kwamba hii si yangu, na kwamba ninakufa.

"Ya kawaida?" akauliza kutoka mlangoni.

Nilitaka kujibu. Sauti haikutoka. Nikapunga mkono, nikajiona naanguka ubavu, shavu likagusa sakafu ya paa iliyokuwa baridi na yenye maji.

Mzee alitoka kichwa wazi. Hakuwa na wavu, hakuwa na glavu, alikuwa na koti lake tu, akaingia katikati ya nyuki wale waliokwisha kukasirika. Nilisikia kioo kikivunjika. Nilimsikia akisema kitu kwa lugha ya kwetu, sijui kama alikuwa anaomba au anatukana. Alinipigia goti juu ya mguu, akanibana namna mtu anavyombana ndama, na maumivu yakaingia pajani. Kisha akanikamata kola ya ovaroli na kuniburuta hadi ndani, akaufunga mlango kwa mgongo wake.

Mengine yalikuja vipande vipande. Bawabu wa mchana akipiga kelele kwenye ngazi. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza akiwa bado na nguo za kulalia, akiendesha gari lake huku akiniambia nisilale. Hospitalini walinivika kibomba cha hewa puani na kunitundikia maji. Dawa ile huufanya moyo kukimbia, na kwa muda mrefu nilitetemeka hivi kwamba kitanda kililia. Lakini koo lilifunguka. Ilipofika saa tatu na nusu niliweza kusema.

Mtu wa kwanza niliyemwona vizuri alikuwa Prof, maana namba yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupigwa kwenye simu yangu. Wa pili alikuwa mzee. Alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, koti likiwa magotini, jicho moja limeziba kabisa kwa kuvimba, masikio yake yamekuwa makubwa na mekundu. Tangu tulipofika hakuna aliyempa hata kidonge. Hakuna aliyekuwa ameuliza ni wa nani.

Nesi alikuja na fomu. Alitaka kujua nimedungwa dawa gani na nani. Mpangaji alikuwa amesema ni mzee. Nesi akamgeukia, si mimi.

"Wewe ndio ulimdunga? Hii dawa ulitoa wapi?"

Prof naye akageuka. "Samahani, wewe ni nani yake?"

Mzee aliingiza mkono kwenye koti, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaifungua juu ya goti. Mlikuwa na sindano, na kichupa, na shingo ya kichupa iliyovunjika, na hata vipande vidogo vya kioo alivyoviokota.

"Nimeweka yote," alisema. "Hakuna kitu nimetupa."

Kisha akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi, akangoja.

Nilikuwa na hadithi tayari. Niliipanga ndani ya gari, nikiwa nusu mfu, aibu ilioje. Nilikuwa nitasema ni mara ya kwanza, mwili umenishangaza, sijawahi kuona kitu kama hiki. Prof angenihurumia, pengine angemtuma mwenzangu anikusanyie chavua ya wiki zilizobaki, na shahada yangu ingesimama. Hadithi ilikuwa nzuri. Ila haikuwa na mahali pa kumweka mzee. Kama mimi sikujua, basi bawabu alikuwa anatembea na adrenalini kifuani kwa nini? Nilimwangalia nesi aliyekuwa ameinua kalamu, na leso ile juu ya goti, nikaogopa kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuogopa, maana safari hii si mimi niliyekuwa hatarini.

"Ni mimi," nilisema. "Dawa ni yangu. Mimi ndiye nilimpa, na mimi ndiye nilimfundisha. Nimejua tangu mwezi wa saba, Prof. Nilimdanganya daktari, nikakudanganya wewe, na mama hajui kitu."

Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ilisikika. Prof aliketi ukingoni mwa kitanda. Nilingoja anifokee.

"Huyu mzee amekuwa akikungojea huko juu kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, baada ya zamu."

Aliinuka, akamwambia nesi aache fomu na amshughulikie mzee kwanza. Alisimama pale benchini mpaka akaona wameanza kumtoa miiba. Aliporudi kwangu hakuwa na hasira usoni, na ningependelea angekuwa nayo.

"Hutakaribia mzinga tena," alisema. "Jumatatu tutaona utafanya nini."

Nilipewa mbawakawa waliokauka, waliotundikwa kwa pini kwenye madroo ya mbao, wengine wakiwa wamekufa kabla mama yangu hajazaliwa. Nilianza upya. Ilinichukua zaidi ya mwaka, ufadhili ukaisha katikati, na kuna siku nililia juu ya madroo yale kwa sababu ya vichupa vyangu vya chavua vilivyopewa mwanafunzi mwingine. Shahada niliipata mwishowe. Ya ndizi sijamwambia mzee hadi leo, kwa kuwa ningekuwa namtwika mzigo ambao ni wangu.

Lakini asubuhi ile ilikuwa bado haijaisha. Prof alikwenda kushughulikia karatasi za kunitoa, mama alikuwa njiani, nami nikaruhusiwa kuketi benchini kando ya mzee. Walikuwa wamempaka dawa jichoni. Nilitaka kumshukuru, na kama kawaida yangu nikaanzia kwangu.

"Mzee, leo niliogopa. Niliona nakufa."

"Mimi pia niliogopa ukufe," alisema. Akaendelea taratibu, bila lawama, kama mtu anayeeleza njia. "Unajua soja kama mimi akipatikana huko juu ya nyumba na sindano, na msichana amelala hapo amekufa, ataambia nani ati alikuwa anasaidia?"

Miezi mitatu nzima nilikuwa nimejishika mshipa na kukagua zipu zangu, na yeye akiwa nyuma ya tangi na hilo kichwani.

"Si ungekataa," nilisema. "Ungeniambia tu."

"Ningekataa, ungepanda peke yako. Nilikuwa naona hivyo."

Alikunja leso yake tupu, akaikunjua. Akaniambia kwamba tangu wiki ile ya chungwa, kila Ijumaa jioni akitoka Kangemi kuja kazini, alikuwa akimwachia mke wake neno moja. Kama Jumamosi ikifika saa nne na yeye hajarudi, asianze kumtafuta hospitali. Aanze na kituo cha polisi.

"Ni saa ngapi sahii?" aliniuliza.

Nilitazama saa ya ukutani juu ya dirisha la dawa. "Saa sita kasoro."

"Basi mama watoto ashafika huko," alisema, akainuka haraka, akaanza kupapasa mifuko ya koti akiitafuta simu.